Je, Wajua? Farasi wa Mbao Waliofika Mahakama ya Juu

Je, wajua kuwa bustani ya Glen Echo, iliyoko jimbo la Maryland nchini Marekani, ilianza kwa fedha za mashine ya kupigia mayai? Mashine hiyo ya mkono ilibuniwa na Edwin Baltzley miaka ya 1880. Ilimtajirisha kiasi cha kumwezesha yeye na pacha wake, Edward, kununua ardhi juu ya kingo za mto Potomac, kilomita chache kutoka jiji la Washington. Mapacha hao walitaka kujenga mji wa kifahari unaofanana na kingo za mto Rhine kule Ujerumani, wenye majumba ya mawe yanayotazama maji. Mayai yalipigwa, mji haukutokea.

Je, wajua kwamba kivutio chao cha kwanza, mkahawa mkubwa wa magogo, kilifunguliwa mwaka 1890 na kuteketea kwa moto mwaka huohuo?

Mwaka 1891 wakageukia elimu. Siku hizo Marekani ilikuwa imeshikwa na vuguvugu la Chautauqua, lililoanzia kando ya ziwa la jina hilo jimboni New York mwaka 1874. Watu walihamia shambani majira ya joto wakasikiliza mihadhara, muziki na mahubiri, wakajifunza lugha na ufundi. Glen Echo ilijengewa ukumbi wa mawe wa kuketisha maelfu ya watu na mnara wa mawe. Ukumbi umetoweka. Mnara ungalipo, na chumba chake cha chini sasa ni mahali pa maonyesho ya picha na sanamu za wasanii wa eneo hilo.

Je, wajua kilichoiua Chautauqua hiyo? Uvumi wa malaria. Mkuu wa shule ya biashara ya hapo alifariki, na ingawa kilichomuua kilikuwa nimonia, maneno yakaenea mjini kwamba Glen Echo kuna homa. Msimu mmoja kamili tu, basi. Kumbuka pia kwamba mwaka 1891 hakuna aliyejua kuwa malaria huenezwa na mbu. Ronald Ross alithibitisha hilo mwaka 1897 akiwa India. Watu waliogopa hewa ya mtoni. Ukitaka kumfukuza mpangaji bila notisi, mwambie tu kwamba hewa ya hapo si nzuri.

Je, wajua kuwa nyumba iliyo jirani kabisa na bustani hiyo imejengwa kwa mbao za maafa? Mapacha wa Baltzley walimkaribisha Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, wakitumaini jina lake litavuta wanunuzi wa viwanja. Mwaka 1889 bwawa lilikuwa limepasuka juu ya mji wa Johnstown, Pennsylvania, na mafuriko yakaua watu zaidi ya 2,200. Barton na watu wake waliwajengea manusura mabanda ya kulala. Kazi ilipokwisha, mabanda yakabomolewa, na mbao zikasafirishwa hadi Glen Echo na kujengewa bohari ya vifaa vya msaada. Mwaka 1897 mama huyo alihamia humohumo, akaishi na kufanya kazi katikati ya makabati ya mablanketi na bandeji. Nyumba hiyo ilikuwa makao makuu ya Msalaba Mwekundu wa Marekani hadi 1904, na humo ndimo alimofariki mwaka 1912 akiwa na miaka 90.

Barabara inayopita mbele ya bustani nayo ina yake. Chini ya lami kuna bomba kubwa la matofali linalopeleka maji ya Potomac mjini Washington, kazi iliyoanza miaka ya 1850. Ukiendesha gari hapo unapita juu ya paa la mfereji. Na ukisogea mbele kidogo, mfereji huohuo unavuka bonde kwa daraja la mawe la Cabin John, ambalo tao lake moja, la mita 67, lilikuwa refu kuliko yote ya mawe duniani kwa takribani miaka 40. Bado magari yanapita juu yake, kwa zamu, upande mmoja kwanza kisha mwingine.

Je, wajua kwa nini makampuni ya tramu ya Marekani yalikuwa na bustani za burudani? Siku za kazi tramu zilijaa. Jumamosi na Jumapili zilikwenda tupu. Dawa ikawa kuweka kitu cha kufurahisha mwisho wa reli, ili baba alipe nauli ya familia nzima kwenda na kurudi, halafu alipe tena akifika. Kwa akili hiyohiyo Glen Echo ikaangukia mikononi mwa kampuni ya tramu ya Washington, na kufikia 1911 ilikuwa bustani ya burudani kamili. Waliokuja kusikiliza mihadhara ya falsafa sasa walikuja kugonganisha vigari.

Vigari hivyo vya kugongana vilipata banda lao mwaka 1923. Bwawa la kuogelea, Crystal Pool, likafunguliwa 1931 likiwa na nafasi ya waogeleaji 3,000 na ufuo wake wa mchanga wa kumwagwa. Mwaka 1933 ukaja ukumbi wa dansi wa mtindo wa Kihispania, Spanish Ballroom, ambao sakafu yake ya mbao, karibu mita za mraba 700, ilibeba wachezaji 1,800 kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo miaka ambayo Marekani ilikuwa hoi kwa mdororo wa uchumi. Inaonekana mtu asiye na kazi naye anataka kucheza, pengine kuliko mwenye kazi.

Sasa tuje kwenye bembea. Wale waliokulia kwenye viwanja vya sikukuu wanaijua: sahani kubwa inayozunguka, juu yake wanyama wa kupanda. Ya Glen Echo iliwekwa mwaka 1921 na ilichongwa Philadelphia kwenye karakana ya ukoo wa Dentzel, wahamiaji kutoka Ujerumani. Wengi wa wanyama ni farasi, lakini kuna sungura wanne, mbuni wanne, twiga mmoja, paa mmoja, simba mmoja na simbamarara mmoja. Twiga na mbuni, wenyeji wa kwetu, wamepakwa rangi na kutiwa tandiko, wanapandwa na watoto wa Maryland tangu kabla redio haijaingia majumbani.

Je, wajua kuwa wanyama hao ni mashimo ndani? Kiwiliwili huungwa kwa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, uwazi ukaachwa katikati ili uzito usiilemee mashine.

Je, wajua kuwa farasi wa bembea ana ubavu mzuri na ubavu wa kawaida? Bembea za Marekani huzunguka kinyume cha saa, kwa hiyo ubavu wa kulia ndio unaotazamwa na watu walio nje. Huko ndiko fundi alikomalizia utamu wote: shanga, maua, manyoya ya shingo yanayopeperuka. Ubavu wa kushoto, unaoelekea ndani, amechonga haraka haraka. Uingereza ni kinyume, huko bembea huzunguka kufuata saa, na urembo huhamia kushoto. Ukisimama Glen Echo, zunguka nyuma ya farasi mmoja uone mwenyewe: mbele bwana harusi, nyuma mtu aliyetoka kitandani.

Muziki wake hutoka kwenye kinanda kikubwa cha Wurlitzer cha mwaka 1926. Hakina mpigaji. Karatasi ndefu yenye matundu hupita ndani yake, na kila tundu huruhusu pumzi kuingia kwenye filimbi fulani au kuamuru ngoma ipigwe.

Na je, wajua kuwa bembea hiyohiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani? Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo Glen Echo inapoacha kuwa hadithi ya mayai na vigari.

Kwa miaka yote ya tramu na dansi, bustani hiyo ilikuwa ya wazungu peke yao. Washington ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu weusi, pamoja na chuo kikuu cha Howard, lakini mtoto mweusi hakuruhusiwa kupanda hata sungura. Tarehe 30 Juni 1960 kundi la wanafunzi, wengi wao wa Howard, lilifika getini na mabango. Waliongozwa na Laurence Henry, mwanafunzi wa theolojia. Mlinzi alimwuliza ni wa asili gani, na Henry akamjibu kwamba asili yake ni binadamu. Mazungumzo yao yalirekodiwa, na mpaka leo yanasikilizwa.

Baadhi yao wakaingia. Tiketi walikuwa nazo, zilizonunuliwa na rafiki zao weupe. Wakapanda bembea. Mlinzi aliyevaa beji akawapa dakika tano waondoke, wao wakamwonyesha tiketi. Mashine haikuwashwa. Piga picha: vijana wameketi juu ya farasi wa mbao waliosimama tuli, jua la Juni, na umati umewazunguka kuona litakalotokea. Watano wakakamatwa kwa kosa la kuingia mahali pasipo ruhusa: William Griffin, Marvous Saunders, Michael Proctor, Cecil Washington na Gwendolyn Greene. Kila mmoja alitozwa faini ya dola 100.

Maandamano yaliendelea getini majira yote ya joto. Je, wajua nani walijiunga nao? Wakazi wa Bannockburn, mtaa jirani uliokuwa na Wayahudi wengi. Wanafunzi walikuja, na akina mama wa Bannockburn wakaja na vigari vya watoto na vinywaji baridi. Upande wa pili wa barabara wakaja wafuasi wa chama cha Kinazi cha Marekani wakiwa na mabango yao. Hebu fikiria, yote hayo ni kwa sababu ya bembea.

Machi 1961 wenye bustani wakatangaza kwamba msimu mpya utafunguliwa kwa watu wote. Kesi, hata hivyo, haikufa. Ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, ikiitwa Griffin dhidi ya Maryland, na tarehe 22 Juni 1964 Jaji Mkuu Earl Warren akasoma uamuzi: hatia zote zimefutwa. Hoja ilikuwa ile beji. Mlinzi alilipwa kwa kazi ya bustani, lakini alikuwa pia naibu wa mkuu wa polisi wa wilaya, na alipowakamata vijana alitumia mamlaka ya serikali. Mfanyabiashara alikuwa amekodi mkono wa dola ili umtekelezee ubaguzi wake, na katiba haikuruhusu. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Julai, Rais Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo nchi nzima.

Gwendolyn Greene hakuishia kwenye bembea. Mwaka 1961 alifungwa huko Mississippi kwa kushiriki safari za mabasi za kupinga ubaguzi, na miongo minne baadaye, akiitwa Gwendolyn Britt, alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo lilelile la Maryland lililomtia hatiani.

Je, wajua kuwa kundi lililoandaa maandamano ya Glen Echo ndilo lililomlea mwanaharakati Stokely Carmichael? Alijiunga nalo alipoingia Howard mwaka huohuo wa 1960. Huyu ndiye aliyekuja kuitwa Kwame Ture, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1967, akamwoa Miriam Makeba mwaka 1968 na kuhamia Guinea. Wasomaji wetu waliowahi kumsikia Makeba akiimba “Malaika” sasa wana sababu ya kuijua Glen Echo.

Wanadiplomasia wa Kiafrika nao waliionja Maryland ya siku hizo. Mwaka 1961 balozi wa Chad, Adam Malick Sow, alikuwa njiani kutoka New York kwenda Washington kumkabidhi Rais Kennedy hati zake. Akasimama njiani kwenye mgahawa anywe kahawa. Akanyimwa. Ikulu ilibidi iombe radhi, na njia hiyo ikawa aibu ya kimataifa kwa nchi iliyokuwa ikizitongoza nchi changa za Afrika.

Turudi bustanini. Je, wajua kuwa baada ya kufunguliwa kwa wote Glen Echo haikumaliza hata miaka kumi? Tramu ilikuwa imesimamishwa mapema mwaka 1960, watu wana magari na wanakwenda mbali zaidi, na Jumatatu ya Pasaka mwaka 1966 kulizuka vurugu zilizoitia doa. Ikafungwa mwaka 1968. Ipo tabia ya kusimulia kana kwamba kufunguliwa kwa milango ndiko kulikoiua. Bustani nyingi za tramu zilikwisha kufa kabla ya hapo, zikiwemo zile ambazo hazikuwahi kusumbuliwa na mwandamanaji hata mmoja.

Mashine zikaanza kuuzwa moja moja. Mwaka 1970 bembea nayo ikauzwa, na wakazi walipojua ilikuwa karibu kung'olewa. Wakafanya harambee: barua, michango ya mlango kwa mlango, simu. Wakapata dola 80,000 na kuinunua upya. Sitaki kupamba, lakini hesabu hiyo kwa thamani ya leo ni nusu milioni na ziada, na ilitoka mifukoni mwa watu ambao hawangepata gawio lolote zaidi ya kuona sungura amebaki mahali pake.

Ardhi yenyewe serikali kuu iliipata kwa kubadilishana na mali yake nyingine, ikihofia maghorofa yasije yakaota kwenye kingo za mto. Mwaka 1971 Idara ya Hifadhi za Taifa ikajikuta na mabanda matupu, bwawa kavu, na ukumbi wa dansi unaovuja. Haikuwa na fedha za kuvikarabati. Ndipo ikaja na wazo ambalo kwangu mimi ndilo la busara kuliko yote katika hadithi hii: iliwaita wasanii. Njooni mtumie majengo kwa bei nafuu. Nanyi fundisheni umma, na mfanye kazi milango ikiwa wazi watu waone.

Wakaja. Wafinyanzi walipewa vibanda vya duara vya mtindo wa Mongolia. Tamthilia za watoto zikaingia kwenye jengo lililokuwa la mashine za kuchezea kwa senti, na vikaragosi vikapata jukwaa lao. Wapiga picha, wachoraji, masonara, na wanaoyeyusha vioo kwenye tanuri, wote wakajibanza mle mlimouzwa bisi na tiketi. Ukipita leo siku ya darasa utamkuta mtu mzima mwenye aproni akinung'unika kwa sababu chungu chake kimekaa upande, na mwalimu anamwambia avunje aanze upya. Tangu 2002 shughuli zinasimamiwa na shirika lisilo la faida, kwa makubaliano kati ya Idara ya Hifadhi za Taifa na wilaya ya Montgomery.

Rangi za bembea ziliporejeshwa, kazi ilichukua takribani miaka 20. Kila msimu wa zamani wafanyakazi walikuwa wakipaka rangi mpya juu ya ile ya jana. Fundi mmoja mwanamke alikwangua tabaka hizo kwa kisu kidogo, mnyama baada ya mnyama, mpaka akaifikia rangi ya mwaka 1921. Alimaliza 2003, mwaka uleule ukumbi wa dansi ulipofunguliwa baada ya ukarabati.

Je, wajua ukubwa wa eneo lenyewe? Ni chini ya hekta nne. Unalimaliza kwa miguu kabla soda haijapata joto mkononi.

Je, wajua kuwa kuingia ni bure? Unalipia darasa, tamthilia, dansi au zamu ya bembea. Na bembea huzunguka miezi ya joto tu, kwa hiyo ndugu zetu walioko Silver Spring na Baltimore wanaopokea wageni Desemba wasiwaahidi watoto twiga.

Kuhusu dansi: usiku wa dansi za mistari mirefu, kuna mtu mwenye maikrofoni anayetaja kila hatua kabla hujaifanya, na kila mara unapokezwa mwenza mwingine, hivyo kwenda peke yako si tatizo. Wageni hufundishwa hatua za mwanzo kabla bendi haijaanza. Chukua viatu safi vya kubadilisha mlangoni. Sakafu ya mbao haipendi kokoto.